Nani Apange Bei ya Chungu?

Korosho zikiuzwa vizuri, Newala na Masasi hujengwa. Tofali huchomwa, bati hupanda, vigae hutandazwa, na fundi madirisha hashikiki. Baada ya hapo huja swali la kuijaza nyumba. Jibu la wengi ni la siku zote: makochi kutoka Dar es Salaam, sahani za melamini, maua ya plastiki kando ya televisheni. Lakini wapo, hasa walimu, wauguzi na vijana waliosoma wakarudi, wanaotaka vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, mtengenezaji awe amelipwa stahili yake na msitu usiwe umeumia. Nawaunga mkono. Ila nia njema isipoulizwa maswali inaweza kuishia kwenye pambo la kona, na mfinyanzi akabaki na shida zake zilezile.

Nimeyapanga mawazo haya kama mazungumzo ya barazani, Newala. Wazungumzaji nimewatunga, ndiyo maana nawaita kwa kazi zao. Mwalimu amemaliza kujenga. Mfinyanzi ni mama yake mkubwa, dada wa mama yake, na kwa Wamakonde, ambao ukoo hufuata upande wa mama, hilo ni jambo zito. Muuzaji ana duka la vyombo Masasi mjini. Mchongaji alifundishwa kazi na mjomba wake, akakaa miaka kadhaa kwenye vibanda vya vinyago Mwenge, Dar es Salaam.

MWALIMU: Shikamoo, mama mkubwa. Nimekuja na ombi. Nataka vyungu vitano, vikubwa kwa vidogo, nivipange kona ya sebule. Nyungo tatu ukutani, mkeka wa ukindu chini. Sitaki plastiki ndani ya nyumba ile.

MFINYANZI: Marahaba, mwanangu. Vyungu vitano utaweka nini ndani?

MWALIMU: Vya kupendezesha tu, mama.

MFINYANZI: Vitupu?

MUUZAJI: Samahani mama, niseme. Mimi nauza ndoo. Ndoo inabeba maji, ikianguka inaokotwa, na mama wa vitumbua anaimudu. Sasa Mwalimu akisema ununuzi wake ndio wa haki, yule wa vitumbua ananunua kwa dhuluma? Wanawake wa huku wameteremka mabondeni kufuata maji tangu enzi za bibi zao. Plastiki ilipokuja waliipokea kwa mikono miwili, na sababu walikuwa nayo.

Sababu hiyo ni ya kweli kabisa. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga, mvua inazama, na maji yanatokea chini kwenye miteremko. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na hata baada ya bomba kufika, maji hayajaacha kuwa ajenda ya vikao vya vijiji. Mtungi wa udongo huanza kuwa mzito kabla haujatiwa tone. Anayesimama Shimo la Mungu pale Newala na kuangalia bonde la Ruvuma lilivyo chini hahitaji kuelezwa mwanamke aliyepandisha mlima na mtungi kichwani alibeba nini. Mjadala wa vyombo vya haki ukianza kwa kumdharau mwenye ndoo, ni afadhali usianze.

MWALIMU: Simdharau mtu, kaka. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa ndoo. Lakini ndoo yako hela yake inaishia wapi? Ukiondoa faida ya duka, iliyobaki inapanda lori na kuondoka. Nikinunua kwa mama mkubwa, hela inalala hapahapa.

MUUZAJI: Inalala hapahapa mara moja. Vyungu havivunjiki kila mwezi, na vitupu havivunjiki kamwe. Ukishapanga kona yako, mwaka kesho utarudi kununua nini? Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tuliambiwa vikapu vya mama zetu vitarudi sokoni. Ikaja mifuko mingine ya kiwandani, myepesi, ya rangirangi, ikachukua nafasi. Msusi wa kikapu alipata nini?

Hoja hii imenisumbua kuliko nyingine zote za Muuzaji. Marufuku iliondoa mfuko wa plastiki, haikumletea msusi mnunuzi. Na mnunuzi wa pambo, hata akilipa vizuri, hulipa mara moja. Kazi ya mkono huishi kwa kurudiwa: chungu cha mboga kinapasuka, mkeka unachakaa, ungo unalegea, na mwenye nacho anarudi kwa mtu yuleyule. Hapo ndipo kijana wa nyumbani huona kwamba kazi ina ugali, akakaa kujifunza.

MFINYANZI: Mwanangu, ngoja nikueleze, maana naona mnabishana kuhusu kitu ambacho hamjakiona kikizaliwa. Udongo wa kufinyanga hauko huku juu kwenye mchanga. Uko chini, penye maji. Nachimba, napanda nao. Naukausha, nautwanga, natoa mawe na mizizi, naukanda mpaka usikie mkono. Nikishafinyanga nasugua kwa jiwe laini, na nachora ukiwa bado mbichi. Kisha naweka chungu kivulini siku nyingi, maana jua kali linakipasua. Halafu natafuta kuni na nyasi, nachoma uwanjani. Kwenye moto vingine vinalia. Ukisikia mlio ule, kazi ya siku zile imekwenda, na hakuna wa kukulipa. Kisha anakuja mtu na gari, ananiambia, mama punguza, si udongo tu?

MWALIMU: Mimi sitakuomba upunguze.

MFINYANZI: Wewe hutaomba. Utasema, mama mkubwa, mimi ni mwanao.

Ufinyanzi huu ni wa zamani na umeandikwa. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi na Newala. Safari yake ilikuwa imepangwa kwenda kwingine, ikageuzwa kuja kusini. Kitabu alichokitoa mwaka 1908 kinaeleza, pamoja na mengine mengi, jinsi wanawake wa huku walivyofinyanga vyungu, na vyombo alivyokusanya vilipelekwa Leipzig. Kwa hiyo kupendwa si jambo geni kwa vyungu vyetu. Vimesifiwa na wageni kwa zaidi ya miaka 100. Anayevifinyanga ameendelea kuombwa apunguze.

Kwa hiyo swali la bei ndilo ninalolishikilia, na jibu lake lipo kijijini tayari. Kila kijiji cha uwanda huu kinajua ujira wa kibarua wa siku moja katika shamba la mikorosho: kupalilia, kupiga salfa, kuokota. Mtu hamwambii kibarua kwamba ameokota korosho tu. Basi zihesabiwe siku za mfinyanzi kwa ujira uleule: siku ya kuchimba na kupanda mlima, siku za kutwanga na kukanda, za kufinyanga, za kuchoma. Ziongezwe kuni. Jumla igawanywe kwa vyungu vilivyotoka motoni vikiwa vizima, wala si kwa vyote vilivyoingia, maana vilivyopasuka vilikula siku vilevile. Bei itakayotoka itamshtua mnunuzi wa Dar es Salaam na hata wa Newala. Na ishtue. Siku ya mwanamke anayefinyanga haina sababu ya kuwa na thamani ndogo kuliko siku ya mwanamke huyohuyo akiwa shambani kwa mtu.

MUUZAJI: Soko ndilo linalopanga bei, mwandishi. Ukipandisha hivyo watakuja kwangu.

MFINYANZI: Waje kwako. Mimi msimu wa korosho nina shamba. Sitafinyanga kwa hasara ili mtu apate kona nzuri.

Hapo niongeze jambo ambalo Mwalimu halijui kwa sababu amelizoea. Nyumba nyingi za Masasi na Newala tayari zimepambwa kwa kazi ya mkono. Vile vitambaa vya kufuma vinavyolalia migongo ya makochi, vinavyofunika televisheni na meza, vimefumwa kwa sindano na uzi usiku baada ya kazi zote. Havijawahi kuitwa sanaa, na mara nyingi havilipwi, kwa kuwa aliyefuma ni mama, shangazi au mke. Anayetaka nyumba yenye haki asivikunje na kuvitupa stoo ili apate nafasi ya nyungo. Aulize kwanza nani alifuma, na kama anauza.

MWALIMU: Basi vyungu tumeelewana. Lakini mzee, kwako nina ombi jingine. Ukutani, juu ya kochi kubwa, nataka lipiko.

MCHONGAJI: Lipiko la nani?

MWALIMU: La zamani. Lile lenye nywele, lililokwisha kuchezwa.

MCHONGAJI: Hilo sitakutafutia, Mwalimu. Mapiko ni barakoa zinazovaliwa kwenye ngoma za jando, na kwa desturi wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakutakiwa kujua aliye ndani ni nani. Lipiko lililochezwa lina watu wake. Ukiliona linauzwa, uliza lilitokaje mikononi mwa watu hao. Nikichonga jipya kwa ajili ya ukuta wako, halijacheza, halina siri ya mtu, na wewe unajua ni la ukuta. Hilo nitakuchongea.

MUUZAJI: Mzee, hilo la zamani lina hela. Wageni wanalitaka hilohilo.

MCHONGAJI: Ndiyo maana yanaibwa.

Mzee hasemi kwa kubahatisha. Mwaka 1984 vitu 17 viliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na kimoja kilikuwa lipiko la Kimakonde. Mwaka uliofuata lipiko hilo lilinunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 mtafiti wa Kiitaliano, Enrico Castelli, alilitambua. Yakafuata mazungumzo marefu, na tarehe 10 Mei 2010, huko Paris, yalitiwa saini makubaliano ya kulikabidhi kwa Tanzania. Miaka 26 ilipita tangu wizi ule, na njiani lilikuwa limeshapitia mikono ya watu wenye elimu, fedha na mapenzi ya kweli na sanaa. Waliopenda walikuwapo, na bado kitu kilikuwa cha wizi. Kwa hiyo namwambia Mwalimu, na yeyote anayetafuta kitu chenye historia: historia unayoinunua inaweza kuwa ilikatwa kwa mwenyewe.

MWALIMU: Nimekuelewa, mzee. Basi jipya, la mpingo.

MCHONGAJI: Mapiko hatuchongi kwa mpingo, mwanangu. Kitu cha kuvaa kichwani kinataka mti mwepesi. Mpingo ni wa vinyago. Na ukitaka kinyago, kwanza jifunze kuujua. Kipime kwa mkono, mpingo ni mzito. Moyo wake ukiutia majini unazama. Tazama chini, pasipopakwa kitu. Wapo wanaochukua mti mwepesi wakaupaka rangi ya viatu, ukinunua mweusi wiki hii mkono unabaki mweusi wiki ijayo.

MWALIMU: Na nitajuaje kama haukukatwa kwa wizi?

MCHONGAJI: Utaniuliza gogo nimelipata wapi na kibali kiko wapi. Nisipokuwa na jibu, usinunue, hata kama mimi ni mjomba wako.

Jibu la mchongaji ni gumu kwake mwenyewe, maana gogo lenye karatasi ni ghali kuliko gogo la usiku. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Anayeukata leo hakuupanda, na anayeupanda leo hatauchonga. Lakini njia ipo, tena si mbali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao. Kilwa, katika mkoa jirani wa Lindi, vijiji vikisaidiwa na shirika linaloitwa leo MCDI vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji unaojali msitu. Kijiji kinapanga miti mingapi ikatwe, na hela ya mauzo inaingia kijijini. Na tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na jamaa zake karibu wote wa jenasi ya Dalbergia, umo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo gogo au mbao yake haivuki mpaka kiholela. Nisemalo ni kwamba msitu wa kijiji unaosimamiwa hivyo ungefaa pia kuwa ghala la wachongaji wa kusini. Wanaolipuliza zumari la mpingo Ulaya wamekwisha kuuliza mti wao unatoka wapi. Sisi tunaochonga na kununua hapa tuna haki ya kwanza ya kuuliza.

MUUZAJI: Mmeuliza kuhusu mti wa mzee. Mbona kuni za mama hamziulizi? Serikali inatuambia tuache kuni, twende kwenye gesi. Mkakati wa nishati safi wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mama anachoma vyungu kwa kuni, na chungu chenyewe kinataka mafiga matatu. Kwenye jiko la gesi hakikai.

MFINYANZI: Kuni ninazochomea ni matawi. Kila mwaka mikorosho inapogolewa, matawi yanarundikwa shambani yanachomwa bure. Mnaonaje yakija kwangu?

MUUZAJI: Na mafiga?

Mfinyanzi hakujibu hapo, na mimi sitamjibia kwa urahisi. Moshi wa jikoni umeumiza macho na vifua vya mama zetu, na sitamwambia mtu aache gesi arudi kwenye mafiga ili ufinyanzi uishi. Chungu cha kupikia kila siku kitapungua, hilo nalikubali. Kitabaki cha siku ya ming'oko, cha kisamvu kinachotaka moto wa taratibu, cha shughuli. Lakini mtungi wa maji ya kunywa hauhitaji moto kabisa. Maji yanapenya taratibu kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Yaliyomo yanabaki baridi bila umeme. Kwenye joto la Masasi, mjini kule chini ya milima ya mawe, mtungi kama huo ni kifaa cha kisasa kwa maana yoyote utakayoichagua.

MWALIMU: Basi huo nautaka. Nitaupiga vanishi ung'ae, ulingane na vigae.

MFINYANZI: Ukiupiga vanishi umeuziba. Hautatoa jasho, na maji yatakuwa moto kama ya ndoo ya huyu bwana.

MWALIMU: Utalowesha sakafu.

MFINYANZI: Uweke juu ya sinia lenye mchanga. Kila asubuhi mwagia mchanga maji. Na usiuweke kona, uweke penye upepo, karibu na mlango.

Nimeona hapa nyumba ya Mwalimu ikibadilika mpango. Mtungi umetoka kona ya kutazamwa umeenda njiani pa watu, utaguswa, utatekwa maji kwa kata ya kifuu, wageni watauliza umefinyangwa na nani. Huo ndio upambaji ninaoupigania. Kigoda kikalie mtu, mkeka ulaliwe mchana wa joto, kawa ifunike chakula badala ya kutundikwa. Nyungo tatu za ukutani sizipingi, lakini moja ingeshuka ikapepeta mchele, nyumba isingepungukiwa uzuri.

MWALIMU: Mama, basi tuandikiane. Mitungi miwili ya maji, mmoja wangu, mmoja wa ofisi ya walimu shuleni. Vyungu viwili vya kupikia. Vya kona nimeviacha.

MFINYANZI: Lini unavitaka?

MWALIMU: Desemba, tuhamie Krismasi.

MFINYANZI: Desemba siwezi. Oktoba mpaka Desemba niko kwenye korosho, na mvua ikianza vyungu havikauki. Ulitakiwa kuja Juni.

MWALIMU: Basi Juni ijayo.

MFINYANZI: Juni ijayo, na nusu ya hela unipe sasa. Nataka kumlipa kijana wa kunipandishia udongo kabla bonde halijajaa maji, nikauweke ndani.

MUUZAJI: Mama, hiyo si biashara. Mtu hawezi kulipia mtungi miezi minane kabla.

MFINYANZI: Wewe ndoo zako hukuzilipia kabla hazijapanda lori?

MUUZAJI: Nililipia.

MFINYANZI: Haya.

MUUZAJI: Basi na mimi niandike. Mitungi minne, niiweke mbele ya duka, Masasi. Bei nitapanga mimi, kwa kuwa nauli ni yangu na ikivunjika njiani hasara ni yangu.

MFINYANZI: Yangu naipanga mimi. Yako ongeza juu yake, na uiandike pembeni ya yangu, zote mbili, mnunuzi azione.

MUUZAJI: Hakuna duka Masasi linaloandika bei mbili.

MWALIMU: Kaka, liwe lako.

MUUZAJI: Nitafikiria.

MFINYANZI: Fikiria mpaka Juni. Lakini nusu ya hela ni sasa.